Mgagani, nderema na choya kwenye ndoo: mwongozo wa kupanda nyumbani mboga na viungo vilivyo adimu sokoni

Kila mvua za vuli zinapokaribia, maswali huanza upya. Nderema inapandwa kwa mbegu au kwa kijiti? Mbona mbegu za mgagani nimemwaga pakiti nzima na hakuna kilichoota? Choya, ile rosela ya sharubati nyekundu, itakubali ndoo, au lazima niwe na shamba? Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kwa ajili ya mtu mwenye kibaraza, ndoo chache na hamu ya kula kitu ambacho gengeni hakipo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kama nafasi yako ni ndogo, usiimalize kwa mchicha na sukuma wiki. Hizo utazipata kila asubuhi, na bei yake unaijua. Panda zile ambazo wauzaji wanazikwepa. Mgagani hunyauka saa chache tu baada ya kuchumwa. Majani ya nderema yamejaa maji, ukiyabana kwenye gunia yanapondeka. Mrehani wa asubuhi jioni umeshakuwa mweusi. Muuzaji anaziacha kwa sababu zinamtia hasara, wala si kwa sababu hazina ladha. Ukiwa nazo mlangoni, hasara hiyo haipo kabisa: maji ya ugali yakiwa jikoni ndipo unatoka kuchuma, na kinachofika chunguni hakijapoteza chochote njiani. Mtu aliyekula mnavu wa namna hiyo mara moja haoni tena taabu kumwagilia.

Uanze na zipi

Chagua mbili au tatu, usipande zote kwa pamoja.

Nderema ndiyo ninayompa kila anayeanza. Ni mmea unaotambaa, majani manene ya kuteleza, shina la kijani au jekundu. Inavumilia joto la Pwani ambalo huua spinachi, na ukishaipata haikuachi.

Mgagani una uchungu wake, na wapenzi wake wanaujua. Unataka joto na jua. Unaanza kuchumwa wiki ya nne hadi ya sita, kwa hiyo ni mboga ya mtu asiye na subira.

Mnavu unapenda ubaridi kidogo. Nairobi, Arusha, Lushoto na Mbeya utapata majani mapana bila kuhangaika. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa upande mwishoni mwa masika ili ukulie kwenye miezi ya kipupwe. Kituo cha World Vegetable Center kilichopo Arusha kimeshughulika sana na mboga za asili, na aina za mnavu kama Nduruma na Olevolosi zimetokana na kazi hiyo. Ukiona majina hayo kwenye pakiti, chukua.

Mlenda wa majani (Kenya ukiulizia mrenda utaelekezwa haraka) ni wa joto pia, na hauna makuu ukishaota. Choya ni ya mtu mwenye ndoo kubwa na miezi kadhaa ya kusubiri.

Kwa viungo, mchaichai na mrehani vinatosha kuanzia. Mnanaa uongeze kama una sehemu yenye kivuli cha mchana.

Andaa kabla ya kuanza

- Vyombo: ndoo za lita 20 kwa choya na nderema, lita 10 kwa mnavu na viungo, beseni kuukuu au kreti iliyotandikwa kiroba kwa mgagani na mlenda. Usitumie kabisa dumu lililobeba dawa ya wadudu, mafuta ya mashine au rangi, hata ukilisafisha vipi.
- Udongo wa juu, samadi iliyooza vizuri au mboji, na mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache huko huko.
- Mbegu zilizokauka na vijiti vibichi vya kupanda.
- Kamba ya katani au waya laini, na fito mbili tatu.
- Kitambaa chepesi, kopo la kumwagilia lenye matundu madogo, kisu kikali.
- Maji. Wengi hulisahau hili. Visima vingi vya Pwani vina chumvi. Onja maji yako. Kama yana ukakasi wa chumvi, kinga ya mvua au tumia ya bomba, hasa kwa miche michanga.

Tazama pia jua linavyozunguka nyumbani kwako. Mboga za majani zinataka jua la moja kwa moja saa tano au sita kwa siku. La asubuhi ni bora. Ukuta unaotazama magharibi huwaka mpaka usiku, na ndoo nyeusi iliyoegemezwa hapo huchemsha mizizi. Izungushie gunia au ipake chokaa.

Hatua kwa hatua

1. Toboa vyombo. Matundu sita hadi nane yenye unene wa kidole kidogo, chini kabisa na mengine ubavuni karibu na kitako. Inua ndoo juu ya mawe au vipande vya tofali ili maji yatoke. Ndoo isiyotoa maji ndiyo inayoua mimea mingi kuliko wadudu wote wakijumlishwa.

2. Changanya udongo. Sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za samadi, moja ya mchanga. Kama udongo wako ni wa kichanga kama ule wa sehemu kubwa ya Dar es Salaam, acha mchanga na uongeze samadi. Kamata konzi moja, ulowanishe, uubane: ushikamane, kisha ukiugusa uachie. Ukibaki donge, ni mfinyanzi mwingi. Samadi ya kuku ni kali. Ipe miezi miwili mitatu ya kuoza kwenye lundo lenye unyevu. Samadi inayonuka au inayotoa joto ukiingiza mkono bado haijawa tayari na itaunguza mizizi.

Jaza ndoo, acha vidole vitatu kutoka ukingoni, mwagilia, iache siku mbili tatu itulie.

3. Tayarisha mbegu kwa namna kila moja inavyotaka. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo soma polepole.

Mgagani: mbegu zilizotoka kuvunwa hazioti vizuri, zinalala. Zihifadhi pakavu miezi mitatu hadi sita ndipo upande. Ukinunua, ulizia za msimu uliopita.

Mlenda: ganda la mbegu ni gumu, maji hayapiti. Zifunge kwenye kitambaa chepesi, zitumbukize kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa takriban sekunde 10, zitoe, zianike kivulini, upande siku hiyo hiyo. Ukizidisha utakuwa umezipika. Angalizo: mbegu za mlenda zina sumu inayogusa moyo. Ziweke mbali na watoto, na kuku wasizione.

Mnavu: kama una tunda lililoiva kabisa, liponde kwenye maji, acha siku moja au mbili, mimina maji na maganda, zilizozama ndizo mbegu. Zioshe, zianike kwenye sahani kivulini. Chukua mbegu kwenye mmea unaoujua na uliowahi kuliwa; jamii hiyo ina magugu yenye sumu, na kuokota mbegu za mmea wa porini kwa kukisia ni hatari.

Choya: loweka usiku mmoja.

4. Sia. Mgagani na mlenda pandia palepale vitakapokulia. Mgagani una mzizi mkuu mrefu na hauvumilii kuhamishwa. Chora mistari yenye kina cha sentimita 1, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, nyunyiza, funika kwa udongo mwembamba uliochekechwa. Mgagani usiuache wazi juu ya udongo, mbegu zake huota vizuri zaidi gizani.

Mnavu unaanzia kitaluni. Beseni lenye kina cha kiganja linatosha. Sia juujuu, funika nusu sentimita, tandaza nyasi kavu juu, mwagilia kwa kopo la matundu. Zikianza kuchungulia ondoa nyasi mara moja, jioni, siyo saa saba mchana.

Choya tia mbegu tatu katikati ya ndoo ya lita 20, kina cha sentimita 2. Zikifika urefu wa kiganja acha moja iliyo bora. Najua inauma kung'oa mche wenye afya, lakini mitatu ndani ya ndoo moja itagombea chakula na hakuna utakaozaa vizuri.

5. Panda vijiti. Hapa ndipo furaha inakuja haraka.

Nderema: kata shina lililokomaa kidogo, urefu wa sentimita 20, lenye pingili tatu au nne. Toa majani ya chini, zika pingili mbili, bana udongo kwa vidole. Weka kivulini wiki ya kwanza. Ndani ya wiki mbili litakuwa limeshika. Mwenye nderema jirani hawezi kukunyima kijiti, maana mmea wenyewe hufurahia kukatwa.

Mchaichai: sokoni chagua vile vyenye kitako kizima, ikiwezekana na vijizizi vikavu. Punguza majani ya juu, simamisha kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Mizizi ikifika urefu wa kidole, hamishia kwenye ndoo yake.

Mrehani: kata tawi lisilo na ua, sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo. Glasi ya maji, dirishani, mbali na jua kali. Mnanaa vivyo hivyo, ila upe chombo chake peke yake. Ukiuchanganya na kitu kingine, baada ya msimu utabaki mnanaa tu.

6. Hamisha na kupunguzia. Mnavu uhamishwe ukiwa na majani manne hadi sita, kwa kawaida wiki ya nne mpaka ya sita. Mwagilia kitalu kwanza, nyanyua mche na udongo wake, panda jioni, mmoja kwa ndoo ya lita 10. Mgagani upunguzie mpaka ubaki mche mmoja kila sentimita 10 hadi 15. Ulioung'oa usitupe, chemsha, ndiyo mboga yako ya kwanza.

7. Mwagilia kwa kidole. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Pana unyevu, acha. Ndoo za Pwani mwezi Januari na Februari zinaweza kutaka maji asubuhi na jioni. Julai mara moja inatosha, pengine siku moja ukaruka. Mwagilia udongo, usioshe majani kila siku. Tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga unene wa vidole viwili, ila zisiguse shina.

8. Lisha. Mnavu ni mlaji mkubwa, mgagani wa wastani, viungo havitaki vingi. Loweka kilo moja ya samadi kwenye lita 10 za maji, funika, koroga kila siku kwa wiki mbili. Chuja, kisha ongeza maji mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi nyepesi. Mimina shinani kila baada ya wiki mbili, kamwe usimwagie kwenye majani unayokwenda kula. Mrehani na mchaichai ukivilisha sana vinakuwa vikubwa na kupoteza harufu. Konzi moja ya mboji kila mwezi inavitosha.

9. Weka kamba ya nderema. Fito mbili, kamba katikati, urefu wa mita mbili. Au ipandishe kwenye nondo za dirisha, itakupa kivuli na mboga kwa pamoja. Tahadhari moja: matunda yake meusi yana rangi ya zambarau isiyotoka kirahisi kwenye nguo wala kwenye ukuta mweupe.

10. Chuma mapema na chuma mara kwa mara. Hili ndilo ninalolirudia kuliko yote. Mmea usiochumwa unazeeka, unatoa maua, majani yanakuwa magumu na machungu.

Nderema: kata ncha za sentimita 15 hadi 20, zitachipua mbili pale ulipokata moja. Mnavu: kata shina kuu likiwa limerefuka, acha sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo, kisha chuma matawi ya pembeni kila wiki na utoe maua yanapotokea. Matunda mabichi ya kijani ya mnavu usile. Mgagani: vunja ncha pamoja na ua changa, na kwa kuwa maisha yake ni mafupi, sia beseni jingine kila baada ya wiki tatu ili usikatikiwe. Mlenda: ukifika urefu wa sentimita 30, kata nusu. Mrehani: toa maua yote yanapoanza, isipokuwa tawi moja la kupata mbegu, nyuki watakushukuru pia kwa tawi hilo.

Choya ina utaratibu wake. Majani machanga ni machachu na yanafaa kwenye samaki. Mmea ukifika sentimita 30 kata ncha mara moja tu ili utanuke. Ua hudumu siku moja. Linapoanguka, kikombe chekundu kilichobaki huanza kunenepa. Kichume baada ya wiki mbili au tatu, kikiwa bado laini na kinavunjika kwa mkono. Sukuma tumba la mbegu kwa nyuma litoke, anika vikombe kwenye mkeka chini ya chandarua. Vikikauka kiasi cha kuvunjika, funga kwenye chupa. Kwa sharubati, chemsha na tangawizi na kipande cha mchaichai wako mwenyewe, tia sukari baada ya kuipua.

Ukifika jikoni

Kwa kifupi tu, kwa sababu nalo huulizwa. Mgagani chemsha, mwaga maji ya kwanza kama uchungu unakusumbua, kisha utie maziwa au karanga za kusaga. Mnavu na tui la nazi hauna mpinzani. Mlenda chemsha kwa muda mfupi na chembe ya magadi. Nderema iingie mwisho, dakika tatu zinatosha. Ikipikwa sana inayeyuka.

Mambo yakienda kombo

*Miche inaanguka chini kwa pamoja, shina limenyong'onyea usawa wa udongo.* Ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoletwa na maji mengi na miche iliyosongamana. Iliyoanguka haiponi. Ondoa, punguza maji, ipe iliyobaki hewa. Mara nyingine usirudie udongo ule kwenye kitalu.

*Miche imekatwa usiku kama kwa wembe.* Ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua kuzunguka shina asubuhi, utamkuta amejikunja karibu. Zungushia kila mche pete ya karatasi ngumu iliyoingia kidogo ardhini.

*Vidukari wamejaa chini ya majani ya mgagani.* Wapige kwa maji kwanza. Wakirudi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, nyunyiza chini ya majani jioni, suuza asubuhi. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha husaidia pia. Yana uchungu, hivyo acha siku chache kabla ya kuchuma na uoshe vizuri. Dawa kali ya dukani sioni sababu yake kwenye ndoo nne za nyumbani.

*Majani yana vitone vyeupe na utando mwembamba kama wa buibui.* Utitiri mwekundu, hupenda ukavu na vumbi. Kata majani yaliyoathirika, nyunyizia maji upande wa chini kila asubuhi kwa wiki moja.

*Mnavu unanyauka mchana ilhali udongo una maji.* Ng'oa mmoja utazame mizizi. Ikiwa na vinundu, ni minyoo fundo. Ikiwa haina, kata shina na ulisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko wa bakteria. Kwa yote mawili hakuna tiba. Tupa mmea na udongo wake, na usiweke mnavu, nyanya, bilinganya wala pilipili kwenye udongo uliotoka kwa mwenzake wa jamii hiyo.

*Ncha na kingo za majani zimekauka na kuwa kahawia.* Kwa Pwani shuku chumvi kwanza. Mwagilia maji baridi yasiyo na chumvi kwa wingi, mara mbili tatu mfululizo, yapite mpaka chini yakiibeba.

*Mgagani umetoa maua ukiwa na urefu wa kiganja.* Umeonja ukame, au udongo hauna chakula. Vunja maua, lisha, mwagilia. Ukigoma, sia upya.

*Mrehani una shina refu na majani madogo.* Jua halitoshi, au huukati. Kata theluthi moja ya juu bila huruma.

*Choya imekuwa kubwa, ya kijani, haitoi ua.* Choya huchanua siku zinapofupika. Kusini mwa ikweta siku huanza kupungua baada ya Desemba, kwa hiyo iliyopandwa Desemba au Januari usiitarajie kabla ya Aprili au Mei. Kama miezi hiyo imepita na bado hakuna kitu, tazama juu yake usiku. Taa ya ulinzi inayowaka kucha karibu na mmea huufanya uone kama siku bado ni ndefu. Hamishia ndoo upande wa nyumba wenye giza, na uache kuilisha samadi kwa muda.